Bampa la Pikipiki: Nondo Nene Si Kinga

Ukipita vijiwe vya bodaboda vya Ngamiani au Chumbageni, jijini Tanga, utaona mabampa ya kila namna mbele ya injini. Yapo ya dukani yanayong'aa, na yapo yaliyochomelewa mtaani kwa nondo za ujenzi. Haya ya nondo husifiwa sana kwa ugumu wake. Kwangu ni mzigo, na mara nyingi umefungwa mahali pabaya.

Tuanze na kazi yenyewe. Pikipiki ya cc 125 au 150 ikilala ubavu bila bampa, uzito wake hudondokea ncha ya usukani, stepu, na kifuniko cha kliachi au cha magneto. Vifuniko hivyo ni vya aluminiamu. Kikipasuka kimoja, oili inamwagika na safari imekwisha, hata kama uko katikati ya Muheza na Amani, kwenye utelezi, na fundi yuko mbali. Bampa lipo ili lipokee pigo hilo. Mguu wa dereva ni habari nyingine. Mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alichunguza na wenzake ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na ripoti yao ya 1981 ilionyesha kuwa bampa lilipunguza majeraha ya wayo na kifundo cha mguu, lakini likaongeza yale ya muundi, goti na paja, faida ikafutika. Kwa hiyo fundi anayekuhakikishia kwamba bampa lake litauokoa mguu wako, mlipe kazi ya chuma tu.

Sasa chuma. Chukua nondo ya milimita 16 na bomba la kipenyo cha milimita 25 lenye unene wa milimita 2. Mita moja ya nondo ina uzito wa kama kilo 1.6, ya bomba kama kilo 1.1. Pamoja na wepesi huo, bomba hukataa kupinda karibu mara tatu zaidi ya nondo. Chuma kinachopambana na mpindo ni kile kilicho mbali na kitovu. Kilichojaa katikati kinakula mafuta tu. Tena nondo nyingi za ujenzi hazikukusudiwa kuchomelewa. Kiungo kikipoa haraka huwa kikavu, na siku ya kuanguka hukatika badala ya kupinda.

Mwenye benda atalikunja bomba bila taabu. Asiye nayo hulijaza mchanga, akaziba ncha kwa vigingi vya mti, akalipasha kwenye mkaa hadi liive wekundu, kisha akalikunja polepole. Mchanga hulizuia lisibonyee kwenye kona. Mchanga huo ukaangwe kwanza ukauke kabisa, maana unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa hufyatua kigingi kama risasi. Na usiende kuuchota ufukweni Raskazone. Ni karibu, ndiyo, lakini chumvi yake itabaki ndani ya bomba na kuanza kulila hata kabla rangi ya nje haijakauka.

Mahali pa kufunga ndipo penye ufundi wenyewe. Boliti zinazoshikilia injini zinashawishi kwa sababu matundu yapo tayari. Lakini bampa likifungwa hapo, pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye masikio ya injini, nayo ni aluminiamu ileile tuliyotaka kuilinda. Afadhali yubolti kwenye bomba la mbele la fremu, chini yake kipande cha tyubu kuukuu ili chuma kisisage rangi. Usichomelee chochote kwenye fremu. Joto hulegeza chuma pembeni mwa kiungo na fremu huweza kupinda, na siku ya kubadilisha bampa utahitaji grenda badala ya spana. Ninachotafuta mimi ni bampa linalopinda kabla ya fremu: bampa jipya ni kazi ya siku moja, fremu iliyopinda ni pikipiki nzima kuvuta upande. Ndiyo maana naogopa bampa gumu kuliko kile linachokilinda.

Upana usizidi ncha za usukani, la sivyo utawakwaruza watu sokoni. Upande wa chini uwe juu ya usawa wa stepu, maana pikipiki hulala kwenye kona za kupanda Lushoto kutoka Mombo, na bampa likigusa lami huinua tairi. Usizibe mapezi ya injini kwa bati. Injini hizi hupozwa na upepo.

Vipimo vichukuliwe kwa waya mnene uliokunjwa umbo la bampa, kisha kuchomelea kufanyike mbali na pikipiki, mbali na tangi. Vijiti vya milimita 2.5 vinatosha, ila viwekwe pakavu, kwani unyevu wa pwani huingia kwenye ganda lake na kiungo hutoka na vitundu. Bomba la maji lenye zinki likwanguliwe hadi chuma cheusi kionekane. Moshi wa zinki huleta homa na baridi kali usiku huohuo, na maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayauzuii.

Adui mkubwa wa bampa huku kwetu ni chumvi. Wanaobeba samaki kutoka soko la Deep Sea wanaijua: maji ya barafu hutiririka kutoka kwenye keria, na upepo wa bahari haupumziki. Chuma kilichosuguliwa asubuhi kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kikilala usiku mmoja kinaamka na kutu. Ncha za bomba ama zizibwe kabisa kwa kuchomelewa, ama litobolewe tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa maji yatoke. Kuziba nusunusu ni kuyafungia maji ndani. Osha bampa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na baada ya wiki ya kwanza kaza yubolti upya, kwani ile tyubu itakuwa imeshabonyea.