Masomo ya Jamii kwa Mwanafunzi Anayeyaona Magumu

Mwanafunzi wa sekondari anayeshindwa Historia na masomo mengine ya jamii huitwa mzito wa kichwa. Jina hilo ni la kikasumba, nalo linaficha chanzo cha tatizo. Kijana huyo huyo wa Newala au Masasi anajua kupalilia mikorosho, anafuatilia bei ya mnada, na anajua jinsi mnunuzi wa kangomba anavyompunja mzazi wake kwa kipimo. Hakosi akili. Anakosa mwalimu wa kumwonesha kwamba hayo anayoyajua ndiyo somo lenyewe.

Kikwazo kimoja ni lugha. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza, na neno unyonyaji, analolielewa barabara, linageuka fumbo la kukariri. (Nyumbani wengi husema Kimakonde, Kiyao au Kimakua.) Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limepunguza mzigo huo. Halijaumaliza, kwani hata kwa Kiswahili watu hukariri.

Elimu ya Kujitegemea ilikwisha kuonya mwaka 1967 juu ya shule inayomtenga kijana na jamii yake. Basi mwalimu aanzie kwenye korosho. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Hapo biashara ya dunia imekwisha kuingia darasani. Kisha aandike ubaoni tarakimu mbili tu: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Kwa nini?

Wako watakaotaja ubwiriunga. Wengine watasema bei ya mkulima ilikuwa ndogo mno. Na yupo atakayeleta maneno ya babu yake: wakati wa operesheni ya vijiji, miaka ya 1970, familia zilihamishwa, mashamba yakabaki mbali, mikorosho ikamezwa na vichaka. Mwalimu asilizime jibu hili kwa hofu ya kukikosoa Chama. Kada anayelificha hafundishi siasa, anafundisha ibada. Na mwanafunzi, ambaye nyumbani amesikia mengine, hatamwamini tena hata anapoeleza mema ya Azimio la Arusha.

Sababu hizo hazina uzito sawa, na hapo ndipo kufikiri kunapoanza. Kama ni kuhama peke yake, salfa ilisaidia nini mavuno yalipopanda tena miaka ya 1990? Kama ni ugonjwa peke yake, mbona mabadiliko ya soko nayo yalileta nafuu? Aliyeshindwa kukariri tarehe kumi anaweza kabisa kubishana juu ya hayo, ushahidi wake ukiwa shambani.

Kwa upande wa uraia, wanafunzi walete stakabadhi. Tangu 2007 korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: chama cha msingi hupima, ghala hutunza, mnada huuza. Wasome makato mstari kwa mstari. Nani aliyakubali, katika mkutano gani, na mzazi alikuwapo? Mamlaka, uwakilishi na uwajibikaji vyote vimo katika karatasi hiyo.

Mtihani wa taifa bado unadai insha na tarehe, na mwalimu hawezi kuupuuza. Lakini tarehe zifuate swali, na wiki za mwisho kabla ya mtihani zitoshe kuzipanga.