Mzee Hakingwi na Chinsaga

Kila tetesi za mlipuko wa ugonjwa zikifika soko la Magwagwa, swali huwa lile lile: “Daktari, magokoro, bibi yetu, amekula ugali wa wimbi na chinsaga miaka 80, sindano haijui. Ataugua nini?”

Ataugua kile anachougua jirani, na kitamlaza mapema zaidi. Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole. Wazee mnaowatolea mfano ni waliobaki. Wa rika lao waliozikwa hawaji sokoni kutoa ushuhuda. Chinsaga ni mboga nzuri, mpikieni mzee, lakini haifundishi mwili kupambana na kirusi. Kazi hiyo hufanywa na chembe za kinga, na tezi inayokomaza baadhi yazo, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, hunywea tangu ujana. Mzee ana kumbukumbu ya maradhi ya zamani; Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, haikuwa kwenye kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana chanjo zilipowasili mwaka uliofuata, waliotimiza miaka 58 waliwekwa mbele. Hata malaria, ambayo huku milimani huja kwa milipuko, mwili huisahau usipokutana nayo mara kwa mara.

Halafu kuna kufukiza. Mvuke wenye moto wa kuua kirusi utaunguza koo kwanza. Mzee wa vidonge vya presha akifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, jasho humtoka, presha hushuka, anainuka kwa kizunguzungu na maji yanammwagikia mapajani. Mlikuwa na mgonjwa wa kifua. Sasa mna mgonjwa wa kifua aliyeungua.

La kufanya ni hili. Mpelekeni mzee achanjwe chanjo zilizopo. Dawa za presha na sukari asiziache bila kuuliza. Fungueni madirisha, mjukuu mwenye mafua asilale naye. Matanga yenye msongamano wakati wa mlipuko, atume rambirambi. Akiharisha, mpeni maji ya pakiti ya chumvi na sukari (ORS) kabla hajalalamika kiu, maana kiu ya uzeeni huchelewa. Akipumua mara 30 kwa dakika, tafuteni gari.

Wala msisubiri joto lipande. Kwa mzee huenda lisipande kabisa. Aliyekataa chai yake ya asubuhi, akaanguka njiani kwenda chooni, akauliza mara tatu leo ni siku gani, hana “uzee” tu. Ni mgonjwa wa dharura, mleteni siku hiyo hiyo.