Kabla Gitega haujapanda juu

Tangu 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi; Bujumbura umebaki kitovu cha biashara. Mji ukipanda cheo hutakiwa kuwalaza wageni wengi, na watu hukimbilia kufikiria hoteli ya ghorofa. Kwenda juu, hata hivyo, kuna masharti yake.

Sharti la kwanza ni uzito. Ukuta wa matofali hubeba kila kilicho juu yake, hivyo ukirefuka lazima unenepe chini. Huko Chicago, jengo la Monadnock la mwaka 1891 lina ghorofa 16, na kuta zake zina unene wa karibu mita 1.8 chini. Ndiyo maana leo mzigo hubebwa na nguzo na mihimili: zege huhimili kukandamizwa, nondo huhimili kuvutwa. Burundi imepakana na bonde la ufa la magharibi, ambako ardhi hutikisika, kwa hiyo uimara wa jengo hutegemea sana nondo zilivyofungwa pale nguzo inapokutana na mhimili.

Sharti la pili ni maji. Gitega uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, hivyo huyasukuma maji kwa nguvu ndogo pampu inapovuta. Pwani, pampu kamilifu inaweza kuvuta maji hadi mita 10.3; Gitega hufika kama mita 8.6 tu, yaani ghorofa ya pili au ya tatu. Kwa hiyo pampu hukaa chini, ikasukuma maji hadi tangi la juu. Umeme ukikatika, pampu na lifti husimama pamoja.

Lakini si lazima kwenda juu: Muyinga, kaskazini mashariki mwa nchi, kuna jengo lisilo la ghorofa lenye mafunzo makubwa. Ni maktaba iliyokamilika 2012, iliyosanifiwa na BC Architects wa Brussels kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Matofali yake ni udongo wa hapohapo, uliofyatuliwa kwa mashine za mkono. Kila mita 1.3 imejengwa nguzo inayoegemeza ukuta mrefu usiyumbe. Chumba kina kimo kikubwa: hewa ya moto hupanda na kutoka, ya baridi ikaingia. Paa ni la mbao za mikaratusi na vigae vya udongo wa kuchoma. Ndani, watoto husomea juu ya wavu wa kamba za mkonge.

Kwa ghorofa ndefu, udongo si chaguo la kawaida. Lakini nyumba ya wageni ya ghorofa moja au mbili, yenye msingi wa mawe, kuta zilizokingwa mvua na madirisha yanayopitisha upepo, haihitaji lifti wala kiyoyozi, na fedha yake hubaki kwa mafundi wa mtaani. Gitega una nafasi ya kuchagua. Ghorofa ndefu zijengwe pale tu ardhi imepimwa, na umeme na maji ni vya uhakika. Kwingine, mafundi wa Muyinga wameshaonyesha njia.