Nyigu mdogo anayelinda mihogo yetu

Na Mwandishi Wetu

GEUZA jani la muhogo katika ukanda wa Ziwa Victoria, huenda ukakuta vidoa bapa vya manjano hafifu vimeng'ang'ania upande wa chini. Hao ni watoto wa inzi weupe, Bemisia tabaci. Wakiota mabawa, ndio wanaosambaza batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa yanayowatia hasara wakulima kuanzia Uganda hadi pwani ya Tanzania.

Kwenye jani hilohilo huenda yupo adui yao: nyigu asiyefika milimita moja, asiyeuma binadamu. Aina mbili hupatikana sana katika mihogo ya ukanda huu, Encarsia sophia na Eretmocerus mundus.

Jike la Encarsia humpapasa mtoto wa inzi kwa papasi zake, kisha humchoma na kutaga yai ndani ya mwili wake. Eretmocerus hutaga chini ya tumbo, na buu likianguliwa hujipenyeza ndani lenyewe. Buu humla mwenyeji wake taratibu, na kwenye joto la kutosha, baada ya takriban wiki mbili nyigu mpya hutoboa ngozi na kutoka. Majike pia huwafyonza baadhi ya watoto wa inzi kama chakula, nao hufa bila kutagiwa.

Uzazi wa Encarsia sophia una ajabu yake. Yai lililorutubishwa huwa jike, hukulia ndani ya inzi mweupe. Lisilorutubishwa huwa dume, na dume halikulii hapo. Huhitaji buu la nyigu mwingine, liwe la Eretmocerus au la jike wa jamii yake. Kila dume anayezaliwa amegharimu maisha ya nyigu mmoja. Jike asiyepata dume hutaga mayai ya kiume tu, hivyo huangamiza walinzi badala ya kuwaongeza.

Ndiyo maana idadi yao huyumba kwa urahisi, na mkulima anaweza kuiporomosha kwa bomba moja la dawa. Viuatilifu vinavyoua kila mdudu humwua nyigu pia, wakati inzi weupe hujenga usugu haraka na kurudi shambani pasipo adui.

Nyigu peke yake hatoshi. Inzi mkubwa aliyekwisha kubeba virusi hamhusu, na ugonjwa husafiri pia ndani ya pingili za kupandia. Mbegu safi na aina zinazostahimili magonjwa bado ni lazima.

Suala hili si la nchi moja. Batobato kali iliyolipuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ilifika magharibi mwa Kenya, kaskazini magharibi mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo bila kugongewa muhuri mpakani. Dawa inayopulizwa ovyo upande mmoja huwaachia majirani inzi sugu.

Mkulima anaweza kuanza kwa ukaguzi. Achukue kioo cha kukuzia, atazame maganda yaliyobaki kwenye majani ya chini. Ganda lenye mpasuko wa umbo la herufi T limetoa inzi. Lenye tundu dogo la mviringo limetoa nyigu. Matundu yakiwa mengi, bomba la dawa libaki stoo.