Je, Wajua? Aseniki, Sumu Inayotibu Saratani ya Damu

Je, wajua kwamba kuna wagonjwa wa saratani wanaotundikiwa dripu yenye sumu ya panya, wakapona? Sumu hiyo ni aseniki trioksaidi, unga mweupe usio na harufu wala ladha. Ulaya ya zamani iliiogopa kwa sababu ilijificha kwenye chakula, na aliyelishwa alitapika na kuharisha kama mgonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1836 mkemia Mwingereza James Marsh alitangaza kipimo cha kuigundua mwilini mwa marehemu, na wauaji wakaanza kukamatwa.

Saratani inayotibiwa na sumu hii ni aina moja ya lukemia, iitwayo lukemia kali ya promielositi. Daktari wa Norway, Leif Hillestad, aliieleza mwaka 1957 baada ya kuona wagonjwa watatu waliovuja damu mfululizo na kufariki katika wiki chache. Fizi hutoa damu, ngozi huvilia bila kugongwa, na damu ikivujia kwenye ubongo, kifo huja haraka. Kwa kasi ya kuua, saratani chache za damu zililingana nayo.

Kiini chake kiko ndani ya uboho, yaani tishu laini ya ndani ya mifupa inakotengenezwa damu. Chembe nyeupe huzaliwa huko zikiwa changa, zikapevuka hatua kwa hatua, zikafanya kazi ya kupambana na maradhi, kisha zikafa. Kwa mgonjwa huyu kromosomu namba 15 na namba 17 zimekatika na kubadilishana vipande, jambo ambalo mtafiti Janet Rowley na wenzake wa Chicago walilionyesha mwaka 1977. Mahali zilipoungana hutokea protini mpya, PML-RARA, ambayo ni nusu ya protini moja iliyogandamana na nusu ya nyingine. Protini hii hukalia jeni zinazoiamuru chembe ipevuke na kuzinyamazisha. Uboho hugeuka kama shamba la mahindi yaliyogoma kubeba: mabua yanazidi kusongamana, lakini punje hakuna.

Tiba ilianzia kaskazini-mashariki mwa China. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Harbin walisikia habari za mganga wa kijijini aliyetibu uvimbe kwa mchanganyiko wa aseniki, zebaki na sumu ya chura. Hawakuidharau dawa hiyo, wala hawakuimeza nzima nzima. Mfamasia Han Taiyun aliigeuza kuwa sindano, naye daktari Zhang Tingdong na wenzake wakaichambua kiungo kimoja kimoja, hadi wakabaini kwamba mtendaji mkuu ni aseniki. Baadaye wakaona pia kwamba, kati ya aina zote za lukemia, hii ya promielositi ndiyo iliyosikia dawa kuliko nyingine.

Wakati huo huo, Shanghai, Profesa Wang Zhenyi alikuwa akitibu ugonjwa huo huo kwa dawa ya jamii ya vitamini A, iitwayo ATRA, na mwaka 1988 kundi lake lilichapisha habari za wagonjwa 24. Katika miaka ya 1990, watafiti Chen Zhu na Chen Saijuan wa jiji hilo walishirikiana na Harbin kuchunguza kinachofanywa na aseniki ndani ya chembe. Mwaka 1998 madaktari wa New York wakaripoti wagonjwa 12 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia; 11 kati yao walipata nafuu kamili. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2000.

Sasa tuitazame kwa karibu. Aseniki hupenda kushikamana na salfa. Mwilini, salfa imo ndani ya vimeng'enya vingi vinavyozalisha nguvu za chembe. Aseniki ikivishika vyote kwa pamoja, mtu hufa. Lakini nusu ya PML ya ile protini mbovu ina vikunjo ambamo salfa hushikilia madini ya zinki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba aseniki huingia papo hapo na kuchukua nafasi ya zinki. Protini ikishavurugika hivyo, chembe yenyewe huibandika vijiprotini vidogo vya alama, kisha huipeleka kwenye mtambo wake wa kukatakata protini zisizotakiwa. Jeni zilizonyamazishwa huamka. Chembe changa hupevuka au hufa, na uboho huanza tena kutengeneza damu yenye afya. ATRA hushika nusu ya pili, RARA, ndiyo maana dawa hizi mbili zikienda pamoja hushinda kila moja peke yake.

Hapo ndipo penye somo kubwa. Tabia inayoifanya aseniki iue ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iponye. Kinachotofautisha ni kiasi na shabaha. Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1906 na 1907, daktari Mjerumani Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa ya aseniki iitwayo atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Melarsoproli, dawa nyingine ya aseniki iliyokuja mwaka 1949, iliokoa wengi waliofikwa na malale ya ubongo, lakini iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20.

Kwa lukemia hii kipimo ni miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 9. Madaktari hupima umeme wa moyo mara kwa mara, hulinda kiwango cha potasiamu na magnesiamu katika damu, na huwa macho chembe zinapopevuka kwa wingi, kwa kuwa maji yanaweza kujaa mapafuni. Kwa uangalifu huo, utafiti wa Italia na Ujerumani wa mwaka 2013, uliohusu wagonjwa wasio katika hatari kubwa, ulikuta asilimia 99 ya waliopewa ATRA na aseniki wako hai baada ya miaka miwili. Kwa waliopewa ATRA pamoja na dawa za kawaida za kemo, walikuwa asilimia 91.

Aseniki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Adui aliyebaki ni kuchelewa, kwa sababu wengi wanaofariki leo huvuja damu siku za mwanzo kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa kitabibu unasema daktari akiushuku tu ugonjwa huu aanze ATRA mara moja, bila kungoja majibu ya jeni. Na mtu anayevilia damu ovyo, huku fizi zikitoka damu bila sababu, aende akapimwe damu siku hiyo hiyo.