Bendi ya Jumamosi Kisauni: Kiingilio si Gharama Yenyewe

Mtu wa Likoni, Mombasa, anayetaka kusikiliza bendi Kisauni Jumamosi usiku ana hesabu tofauti na mwenzake wa Kisauni, hata wakikaa meza moja na kunywa soda zile zile. Wengi huuliza kiingilio kwanza. Mimi naona maswali ya kwanza yawe bei ya kinywaji na njia ya kurudi nyumbani, kwa kuwa huko ndiko pesa huishia.

Jazi ya kwetu ni bango, na bango ina mwenyewe: Mzee Joseph Ngala wa Freretown, mtaa ulio jirani na Kisauni ambao wamishonari wa shirika la Kianglikana la CMS waliuanzisha mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Saksafoni yake iliunganisha jazi, rumba na midundo ya Wamijikenda, na bendi nyingi za Pwani zimefuata njia hiyo. Basi kwa mkazi wa Kisauni, muziki uko mlangoni.

Chukua mfano huu wa baa mbili. Ya kwanza haina kiingilio, lakini soda ni shilingi 150. Ya pili inatoza 300 mlangoni, soda 80. Ukinywa mbili, ya kwanza itakugharimu 300 na ya pili 460. Ukinywa nne, ni 600 kwa 620. Soda ya tano ikifika mezani, yenye kiingilio ndiyo rahisi: 700 dhidi ya 750. Anayekaa saa nne na rafiki zake asikimbilie neno "bure". Mimi hupenda penye kiingilio kwa sababu nyingine pia: watu waliolipia muziki huusikiliza.

Uliza vilevile ni bendi ya watu wangapi. Mabango mengi yanatangaza bendi, ukifika unakuta mwimbaji mmoja na kinanda chenye mdundo uliorekodiwa. Anaweza kuwa mwimbaji hodari, lakini si kitu kile kile. Kaa karibu na saksafoni halisi uone mpigaji anavyoulowesha mwanzi wa kupulizia mdomoni kabla ya zamu yake, gitaa la solo likimpisha, halafu sauti ya kwanza itoke na pumzi ndani yake. Hicho ndicho unachokinunua. Kama hakipo, bei iwe ndogo.

Hoteli za ufuoni, Nyali na Bamburi, ni biashara nyingine. Mara nyingi muziki umefungwa pamoja na chakula cha jioni, na bendi hupiga zaidi nyimbo za kuwafurahisha wageni. Si jambo la kudharau: bendi ya Them Mushrooms, iliyoanza mwaka 1972, ilikomaa katika hoteli hizo hizo na wimbo "Jambo Bwana" ukatoka humo. Kwa mzazi anayetaka kukaa vizuri na kurudi mapema, hoteli inafaa. Aulize tu kama kuna bei ya wakazi. Kwa anayetaka kucheza, sioni sababu ya kulipa zaidi.

Tamasha la Nairobi je? Nauli ya daraja la kawaida ya treni ya SGR kutoka stesheni ya Miritini ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi ni 3,000 kabla ya tikiti, malazi na chakula. Jioni kadhaa za bango zimo katika pesa hizo.

Sasa njia. Feri ya Likoni haitozi anayevuka kwa miguu, na huvusha usiku na mchana. Tatizo ni usafiri wa matatu: kutoka Kisauni hadi mjini, kisha feri, kisha gari jingine ng'ambo, saa ambazo magari yamepungua na bodaboda wamepandisha bei. Mtu wa Changamwe ana nafuu, anapita daraja la Makupa bila kungoja feri. Watu wa Likoni, nendeni watatu, mgawane nauli ya tuktuk, na bei ikubaliwe kabla ya kupanda. Au tafuteni onyesho la Jumapili alasiri. Mtavuka bado kuna magari, na nauli ya usiku mliyookoa inatosha kumtuza mpiga saksafoni. Mpeni mkononi mwake, si kupitia kaunta.