Unataka kudarizi nembo za sweta? Anza na programu ya bure

Uko Yamumbi, Eldoret, umeona kudarizi nembo za sweta za shule kuna pesa, na sasa unatafuta programu ya kugeuza mchoro kuwa mishono. Tulia kwanza. Uliza mashine utakayotumia inasoma faili gani: Brother za nyumbani husoma PES, Tajima husoma DST. Wilcom ni nzuri lakini ni ghali. Ink/Stitch ni ya bure, hufanya kazi ndani ya Inkscape, nayo hutoa faili zote mbili. Kabla ya kugusa sweta ya mteja, jaribu kwenye sweta kuukuu. Sweta huvutika, mishono ikibanana sana, nembo hujikunja na utailipa wewe. Wateja wakishaongezeka, hapo sasa fikiria kununua.